Nipimie Nusu Chumba

Simu ilipoingia, Mama alikuwa na pini mdomoni, anapindia sketi ya sare. Alizitema pini zote mezani kwa mkupuo mmoja.

"Shirika? Nimesikia shirika?"

"Ni kujitolea, Mama," binti yake alisema. "Miezi michache ya kujifunza kazi. Wanatoa nauli na chakula cha mchana, basi."

Lakini Mama alishaacha kusikia. Alikuwa mlangoni, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, na kigelegele chake kilishafika mwisho wa mtaa. Jirani wa mlango wa bluu akatoka mikono ikiwa na povu hadi kwenye viwiko.

"Kuna nini?"

"Mwanangu kapata shirika!"

"Yale yenye magari meupe?"

"Hayo hayo," akasema Mama, ingawa hakuna mtu aliyekuwa ametaja gari.

Binti mwenyewe alibaki ndani, amejifunika uso kwa kitambaa cha sketi. Tangu alipomaliza chuo mtaa mzima ulimwita Msomi. Mwanzoni jina lilikuwa la heshima. Baada ya mwaka mzima wa kukaa nyumbani akitia vifungo kwenye sare za wateja wa mama yake, jina likaota meno. Watu walisema, "Msomi, sogeza ndoo," "Msomi, umeonaje leo, mvua itanyesha?" na hakukuwa na siku aliyoweza kukasirika waziwazi, kwa sababu waliomtania ndio hao hao waliomchangia nguo ya mahafali.

Baba alirudi jioni na sanduku lake la vyuma. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa ya utani.

"Hiyo nauli," alimuuliza binti yake, "ni ya kwenda tu, au na ya kurudi?"

"Ya kwenda na kurudi, Baba."

"Basi kweli ni shirika kubwa."

Msomi akacheka hadi machozi yakamtoka. Na ndani ya kicheko hicho mlikuwa na hofu kidogo, maana hakujua anakwenda kufanya nini huko, na hata chuoni hakuwahi kujua. Alisomea masoko kwa sababu siku ya kujiandikisha foleni ya masoko ndiyo iliyokuwa fupi.

*

Jengo la shirika lilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, na hapakuwa na gari, jeupe wala jekundu. Palikuwa na baiskeli mbili zilizofungwa kwenye nguzo. Msomi aliingia na viatu vya kisigino alivyoazima, akakuta ukutani miguu imetundikwa kwa safu: mirefu, mifupi, ya watoto, yote ya plastiki, yote mitupu kama soksi zilizoanikwa. Hewa ilinuka plasta mbichi. Huko ndani mtu alikuwa anakwaruza kitu kwa tupa, na mtu mwingine anaimba vibaya.

Shirika lilitengeneza miguu ya bandia na kuwafundisha watu kuitumia. Msomi aliwekwa kwenye meza ya simu. Simu ililia mara chache, na kila iliponyamaza alinyoosha shingo kuchungulia chumba cha mazoezi, ambako palikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, kioo kirefu, na mwanamke mfupi mwenye mimba kubwa. Kila mtu alimwita Mwalimu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wazima kutembea.

Siku moja alikwenda kumwambia Mwalimu kwamba anaitwa kwenye simu. Alimkuta amesimama mbele ya mzee mnene aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, mikono imefumbatwa kifuani, kama mtu anayesubiri kuombwa radhi. Huyo walimwita Bucha. Alikuwa na duka la nyama sokoni, na kisukari kilikuwa kimemchukulia mguu wa kushoto chini ya goti.

"Simama ushike vyuma, mzee wangu," Mwalimu alimwambia.

"Sisimami."

"Jana ulisimama."

"Jana nilidanganywa."

Msomi akaangua kicheko. Alijaribu kukigeuza kikohozi, hakikugeuka.

"Na huyu anacheka nini?" Bucha akauliza.

"Samahani, mzee. Nilikuwa nawaza tu. Dukani kwako mteja akija akikataa kununua, unamfanyaje?"

"Namwacha aende zake."

"Muongo," akasema Msomi, kisha akajiziba mdomo. Neno lilishatoka. Mwalimu alimtazama kwa macho makubwa. Hata aliyekuwa akiimba kule ndani alinyamaza.

Bucha alimkagua kuanzia kisigino hadi utosi. "Nampunguzia," akakiri hatimaye.

"Basi nipunguzie na mimi. Nilikuwa nataka chumba kizima."

"Chumba kizima cha nini?"

"Cha kutembea. Unauzaje?"

"Mimi siuzi kitu hapa."

"Nipimie nusu, basi. Kutoka hapo ulipo mpaka dirishani."

"Mpaka dirishani ni nusu?" Bucha alipandisha sauti. "Unapima kwa macho ya nani wewe? Hiyo ni robo tatu! Unataka kuniibia mchana kweupe!"

"Nusu, mzee."

"Robo!" akasema Bucha, na alishasimama, kwa sababu hakuna muuza nyama anayepatana bei akiwa ameketi huku mteja anachezea mizani. "Robo, na usiniombe nyongeza!"

Alishika vyuma. Mguu wa plastiki ukatua, ukasita, ukabeba. Msomi akawa anarudi kinyumenyume mbele yake, visigino vikigonga sakafu, mikono wazi. "Niangalie mimi usoni, mzee, si sakafu. Sakafu haiendi kokote." Walipofika robo alimwomba nyongeza. Bucha alimtukana, akampa. Dirishani walifika wote wawili wakihema, na mzee, uso umelowa jasho, akasema kwa sauti ya mtu aliyepunjwa akafurahi, "Mteja mbaya sana huyu. Kesho asirudi."

Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, mkono tumboni, anacheka bila sauti. "Kesho urudi," alimwambia Msomi. "Ila uje na viatu vya maana."

*

Kuanzia hapo simu ililia peke yake. Mwalimu alimweleza mkuu wa shirika kwamba tumbo limekuwa zito na anahitaji mtu wa kumsaidia, na Msomi akahamia chumba cha mazoezi. Alifundishwa kuangalia nyonga kabla ya mguu. Alifundishwa kufunga kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, bila kukibana, kumsikiliza mtu anaposema haumii ilhali anaumia, na mahali pa kusimama ili anayeanguka aangukie mikononi mwake. Aliuliza maswali mpaka Mwalimu akamwambia apumzike, basi akakaa akapumzika, kisha akauliza mengine.

Nyumbani hawakupata raha. Mezani alieleza goti linavyofanya kazi kwa kutumia kijiko na ganda la mkate. Alimfuata jirani wa mlango wa bluu barabarani, akiuangalia mwendo wake, hadi jirani akageuka na kumuuliza kama amedondosha kitu.

"Baba, wewe ukitembea unalalia kulia," alisema jioni moja.

"Nimelalia kulia tangu nimuoe mama yako. Kushoto alishalala yeye."

"Ni kwa sababu ya kubeba friji. Simama nikuoneshe."

Baba akasimama, akafundishwa kutembea sebuleni kwake akiwa na umri wa kuitwa babu, na alifanya makusudi kukosea ili aoneshwe tena.

Mama alicheka nao, lakini si kama zamani. Shirika lilikuwa limeanza kumla. Watu walimletea vyeti vya watoto wao. Mteja aliyezoea kulipa sare siku hiyohiyo sasa alisema, "Wewe una mtoto wa shirika, utaningoja." Mtaa ulipochanga pesa za kutengeneza bomba la maji, walikuja wakamwambia kwa tabasamu kwamba yeye wamemwekea kiwango cha juu kidogo. Mama hakuweza kusema kwamba binti anapewa nauli tu. Aliuza kitambaa kizuri alichokuwa amejiwekea, akalipa, akawasindikiza wageni mpaka nje huku akiwaaga kwa jina moja moja. Aliporudi ndani alikanyaga cherehani kwa nguvu hadi uzi ukakatika.

Shangazi akaja katika hali hiyo. Alikuwa dada yake Baba, karani katika ofisi ya bima, mwenye mkoba unaofungwa kwa mlio.

"Nimekupatia!" alisema kabla hajaketi. "Karani wetu mmoja kahama. Nimezungumza, nimebembeleza, nimesema una digrii ya masoko. Unaanza Jumatatu. Mshahara, wifi! Mshahara wa mwezi kwa mwezi!"

Mama akainuka, akamkumbatia wifi yake, akaanza kucheza papo hapo kati ya cherehani na kabati. Shangazi naye akacheza na mkoba wake. Baba alimtazama binti yake.

"Msomi?"

"Ndiyo, Baba," alisema. Wanawake wale wawili wakaisikia ndiyo hiyo, wakaichukua, wakaondoka nayo.

*

Ijumaa alikwenda kuaga. Mwalimu alimsikiliza huku akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Kazi ni kazi," alisema. "Sitakuzuia. Lakini kuna kitu nilitaka kukwambia wiki ijayo, bora nikwambie sasa. Shirika huwa linasomesha mtu mmoja chuo cha mazoezi ya viungo. Miaka miwili, halafu unarudi kufanya kazi hapa. Nilikuwa nimelitaja jina lako. Si ahadi, wanachagua wenyewe. Na mshahara hakuna mpaka umalize."

Msomi alisimama mdomo wazi.

"Jina langu?"

"Unataka nitaje la nani? Asubuhi unafika kabla ya mwenye funguo."

Bucha alisikia yote kutoka kwenye vyuma. Akakaa chini. "Mimi na yeye tumepatana," alitangaza. "Akiondoka, duka nafunga."

"Mzee, usinifanyie hivyo."

"Basi nipeleke nje. Kama ni siku ya mwisho, nataka barabara."

Mwalimu aliangalia mguu, akaangalia kigutu, akaangalia fimbo ya kutembelea. Alikuwa amepanga kumtoa nje siku hiyo hata hivyo. "Mpaka getini na kurudi," alisema. "Mimi nafuata na kiti."

Walifika getini. Bucha hakugeuka.

"Mzee, geti hili hapa."

"Naliona. Nipimie robo nyingine."

"Ya wapi?"

"Ya kwenda sokoni. Nina duka, au umesahau? Tangu wanikate sijalisimamia. Shemeji yangu anauza mifupa watu wanalalamika."

Hakukuwa na namna ya kumzuia mtu wa ukubwa ule aliyeamua. Msomi aliruka mbele yake, akaanza kurudi kinyumenyume katikati ya barabara, mikono imetandazwa, akipiga kelele kwa waendesha baiskeli wapishe. Nyuma, Mwalimu alisukuma kiti kitupu, tumbo limetangulia, akicheka na kugombeza kwa pumzi moja. Watu wakatoka madukani. Watoto wakafuata.

"Robo mpaka kwenye nguzo, mzee!"

"Nimeshakupa robo!"

"Nusu basi, mpaka kwa muuza ndoo! Bei nzuri hiyo!"

"Mwizi mkubwa wewe!" Bucha alinguruma, akaendelea.

Basi ilikuwa hivyo, Msomi akirudi nyuma na kunadi nusu na robo kwa sauti yake yote, jasho limemtoka na nywele zimetimka, alipogonga mtu kwa mgongo. Aligeuka. Alikuwa Mama, na kando yake Shangazi, wote wamebeba kitambaa kipya cha kijivu, cha kushonea suti ya Jumatatu.

"Mwanangu," Mama alisema taratibu, mbele ya soko zima. "Unauza nini?"

Shangazi aliziba uso kwa mkoba. Jirani wa mlango wa bluu, aliyekuwa akichagua vitunguu, aliacha kuchagua. Na Bucha, aliyekuwa akija kwa kasi asiyoizoea, alipaza sauti:

"Mama, pisha! Nikisimama naanguka!"

Akasimama, na kweli akayumba. Fimbo iliteleza. Mama hakufikiri. Aliachia kitambaa cha kijivu kikaanguka vumbini, akaingiza bega chini ya kwapa la mzee na kumshika kiuno kwa mikono yake ya mshonaji. Mzee alikuwa mzito kama kabati, na mwili mzima ulikuwa ukimtetemeka.

"Usimvute, Mama. Mwache akuegemee tu," Msomi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imeshuka, imetulia. Alisogea usoni kwa mzee. "Umechoka, au umeogopa?"

"Nimeogopa," Bucha alinong'ona.

"Sawa. Hata mimi. Weka uzito kwenye huu mpya. Wote. Utaubeba. Haya, pumua kwanza, hakuna mteja anayekusubiri."

Mzee akapumua. Kutetemeka kukapungua, kukaisha. Akatwaa fimbo aliyookotewa na Shangazi, akajiondoa polepole begani kwa Mama, akapiga hatua yake mwenyewe. Soko likalipuka kwa shangwe. Mtu aligonga sufuria. Bucha alipita katikati yao kama bwana harusi, akaingia dukani kwake, akamtazama shemeji yake mpaka shemeji akavua aproni na kumkabidhi. Akaifunga, akashika kisu.

"Nani alikuwa wa kwanza?" akauliza.

Mwalimu akafika, hoi, akakaa mwenyewe kwenye kile kiti cha magurudumu.

*

Jioni ile Shangazi alizungumza kwa muda mrefu. Alizungumzia aibu, na jina lake ofisini, na jinsi alivyobembeleza. Msomi alimwacha amalize. Kisha akasema kwamba Jumatatu hataenda bima. Akaeleza habari za chuo. Hakuficha kwamba si ahadi, wala kwamba mshahara haupo.

"Wifi, sema kitu!" Shangazi alilia.

Mama alikuwa kimya tangu sokoni, na Mama kuwa kimya katika nyumba ile kulikuwa kama friji iliyoacha kuunguruma, kila mtu hutega sikio. Alikuwa anakung'uta vumbi kwenye kitambaa cha kijivu.

"Nimechoka," alisema hatimaye. "Nataka ujue hilo. Jioni macho yangu hayaoni tundu la sindano. Mshahara wako wa bima nilishautumia wote kichwani, mwanangu. Nilinunua taa. Nilinunua bati. Kuna kitanda nilishakilalia."

Msomi aliinamisha kichwa. Sasa hapakuwa na cha kuchekesha.

"Lakini yule mzee aliniegemea hapa," Mama aliendelea, akigusa bega lake. "Alikuwa anatetemeka. Ukamwambia maneno, akatulia. Nilimsikia anavyotulia, mimi mwenyewe, kwa bega langu. Hayo masoko uliyosomea sijayaelewa mpaka leo. Hili nimelielewa." Akakunja kitambaa. "Na hao wa chuo wasipokuchagua?"

"Nitaomba tena mwakani. Na jioni nitatia vifungo."

"Vifungo na pindo."

"Na pindo, Mama."

"Na mtaani nitawaambia ukweli. Kwamba gari hakuna. Nitaanza na yule wa mlango wa bluu, maana alikuwepo, ameshaona baiskeli nyingi zaidi kuliko magari." Alijaribu kubaki na uso wa huzuni, ukamshinda.

"Na mimi?" Shangazi aliuliza. "Jumatatu nitawaambia nini kazini?"

Baba alikohoa kidogo. "Waambie mtoto hawezi kuja. Miguu inamsumbua."

Shangazi alikaza midomo kadiri alivyoweza. Kicheko kikamtokea puani, na kilipomtoka hakikurudi. Alicheka hadi mkoba ukafunguka wenyewe. Mama akamwangukia begani, Msomi akakaa sakafuni, na Baba, aliyewafanyia hayo yote, akaenda kubandika chai kama mtu asiyehusika.

*

Jumatatu Msomi alifika wakati mafundi wanafungua madirisha. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake kando ya kioo, miguu imewekwa juu ya stuli.

Mlango ukasukumwa kwa gongo. Aliingia msichana wa rika la Msomi, mguu mmoja, magongo mawili, na shingoni amejitundikia kiatu cha kukimbilia kwa kamba zake. Pacha wake, kilichochakaa, kilikuwa mguuni. Hicho cha shingoni kilikuwa bado cheupe.

Alitazama vyuma, kioo, safu ya miguu ukutani. Kisha akamtazama Msomi.

"Nani anafundisha kukimbia hapa?"

Msomi aligeuka kumtafuta Mwalimu.

"Usiniangalie mimi," Mwalimu alisema. "Umeulizwa wewe. Mimi nipo, nitasema ukikosea."

Msomi akasogea karibu na yule msichana.

"Kukimbia kuna safari ndefu," alisema. "Kwanza ni kusimama. Halafu kutembea."

"Najua," msichana akajibu. "Ndiyo maana nimewahi."

Msomi akavuta kiti, akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mkono.

"Lete kiatu."